Kikundi cha ukoo: Zuwena yuko Iskandaria (Aleksandria), Misri

*Zuwena:* Asalaam aleykum wapendwa. Shikamoo Bibi, shikamooni wote. Nimeshapata chumba, ni karibu na bahari.

*Bibi:* Marahaba mjukuu wangu. Bahari yenyewe kama yetu ya Tanga?

*Zuwena:* Hapana Bibi, hii haijai wala haikupwi. Juzi nimekaa ukutani tangu asubuhi mpaka adhuhuri nikingoja maji yatoke. Yako pale pale!

*Mjomba Athumani:* Na ule mnara wa taa wa kale, umeuona?

*Zuwena:* Ulibomolewa na matetemeko mjomba, lile la 1303 ndilo lililouumiza sana. Miaka ya 1470 Sultani Qaitbay akajenga ngome pale pale. Mawe mengine ya zamani yamelala chini ya maji hadi leo.

*Shangazi Bukoba:* Waothodoksi wa huku kwetu, wale wa kanisa la Kigiriki, mkuu wao Patriaki ni wa huko huko Aleksandria. Kumbe Wagiriki bado wapo?

*Zuwena:* Wamebaki wachache mno shangazi. Mji una watu zaidi ya milioni 5, karibu wote Wamisri, Waislamu na Wakristo wa Kikopti. Ila panda daladala zao usikie vituo: "Zizinia! Gleem! Janaklis!" Hayo ni majina ya Wagiriki. Gleem ni Glymenopoulo, wamelikata.

*Mama Zuwena:* Sasa wenyewe walikwenda wapi?

*Zuwena:* Zamani walikuwepo Wagiriki, Waitalia, Wayahudi, Waarmenia, kila mtu na shule yake na duka lake. Vikaja vita vya Suez 1956, Misri ilipovamiwa na Waisraeli, Waingereza na Wafaransa, kisha 1961 serikali ya Rais Nasser ikataifisha makampuni. Wakaondoka, wengine kwa kufukuzwa. Mama mwenye nyumba wangu ni mtu mzima kama wewe Bibi. Jana kanitolea picha ya darasa lao, imekunjika pembeni. Akawa anapitisha kidole: huyu Mgiriki, huyu Myahudi, huyu Mwitaliano, huyu mimi. Kidole kikatulia kwa yule Mgiriki.

*Mjomba Athumani:* Dah. Mji wa miaka zaidi ya 2,300, halafu watu wanatoweka ndani ya umri wa mtu mmoja.

*Bibi:* Mpe pole yangu huyo mama. Huyo shoga yake wa Kigiriki aliwahi kumwandikia?

*Zuwena:* Alimwandikia kutoka Athens kila Pasaka, Bibi, mpaka alipofariki. Barua zote anazo, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati.