Mrejesho: breka iliyokuwa haivunji jiwe Embakasi

Wakuu habari zenu, ni mimi yule niliyeuliza mwezi jana mbona breka (nyundo ya haidroliki ya kuvunjia mawe) ya ekskaveta yetu ya tani 20 inagonga tu jiwe pale Embakasi, Nairobi, tunapochimba shimo la tanki, haivunji kitu na tindo mbili (ile ncha ya chuma inayogonga jiwe) zishakatika. Asanteni sana wote mlionijibu. Aliyesema tuache kugonga katikati tuanzie ukingoni, ubarikiwe, hapo ndipo kazi ilifunguka, opereta sasa anasimamisha tindo wima kabisa, akigonga kama sekunde 20 jiwe halijapasuka anahama, na grisi tunapiga kila masaa mawili tindo ikiwa imekandamizwa chini, grisi isije ikajaa juu ya tindo. Hii tindo ya tatu bado nzima.

Naitrojeni, ile gesi ya ndani ya breka inayoongeza nguvu ya pigo, nayo kweli ilikuwa imeshuka kama mlivyosema, fundi akajaza, ukisimama karibu sasa unasikia pigo zito linaingia mpaka miguuni, si ule mlio mkavu wa mwanzo.

Ripa, lile jino kubwa la ekskaveta la kung'olea mwamba, ndiyo haikutusaidia. Tabaka la juu lenye nyufa iling'oa vizuri, kufika kwa jiwe zima ikawa inateleza tu na jino likaisha. Shimo la tanki limetoka, imebaki kona ya nyuma kama mita moja hivi.