Kanawia mikono mvua ya kipimo, halafu ananiambia itanyesha tena!

Binti_Poroto:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka kwa hasira, mkiona herufi zimeruka msinisahihishe.

Yule bwana mnamjua. Yule wa kizibao chenye mifuko ambayo kila mmoja unaingia debe la viazi. Aliyetuweka kwenye mkutano wa kijiji saa mbili nzima akituhubiria "tutunze vyanzo vya maji" huku gari lake linaunguruma pale pale kijitoni. Simtaji. Mnamjua.

Leo asubuhi kanawia mikono mvua yangu.

Kanawia mikono. Mvua. Ya kipimo.

Usiku kucha ilinyesha ile mvua ya kukosa usingizi kwa kelele za bati, na mimi nimelala nikiiwaza chupa ya kipima mvua tu, ile inayopokea mvua chini ya faneli. Kipima mvua kinasomwa saa tatu kamili asubuhi, iwe Krismasi, iwe msiba. Saa tatu kasoro dakika kumi napanda, daftari kwapani, namkuta yuko ndani ya uzio, mdomo unang'aa mafuta ya parachichi. Faneli kaichomoa kaitupa kwenye tope. Chupa kaiinamisha anajimiminia viganjani taratibuuu, utadhani yuko harusini kapewa birika. Nikapiga kelele, "Bosi, hayo ni ya kipimo!" Akageuka, akakung'uta vidole, akasema: "Shangazi, si mvua tu? Itanyesha tena."

Itanyesha tena! Hiyo ya jana itanyesha tena lini?

Mzee wangu alilianza daftari lile mwaka 1979. El Nino ya 1997 na 1998, madaraja yanazolewa, yeye kajifunga turubai anakwenda kusoma. Hakuruka siku. Siku najifungua mwanangu wa pili alisoma mume wangu, akanitajia namba kwa simu nikiwa wodini. Leo ndipo pana mstari. Nao si sifuri, maana sifuri ni kwamba haikunyesha. Mstari ni kwamba hatujui.

Na mto umepanda! Rula ya mtoni maji yamefika pale ambapo sijayaona tangu msimu uanze Novemba. Mto ninao kwenye daftari, mvua iliyoupandisha imeishia kwenye viganja vya mtu aliyekula parachichi. Kesho keshokutwa atakuja mtu kuuliza msitu huu mvua ikipiga unashika kiasi gani na unaachia kiasi gani, akifika tarehe ya leo atakuta mafuriko yaliyotoka hewani.

Chupa ilikuwa imefika shingoni, wakuu. Nilichungulia alfajiri. Shingoni! Na anavyojisugua sasa, fundi gereji akasome.

Mkulima_Uyole:
Pole sana dada. Nimemtambua kwa kizibao tu. Kwangu alikanyaga kitalu cha miche ya kabichi akiwa anaongea na simu, tena akanionyesha kidole ninyamaze.

Kijiwe_Mwanjelwa:
Uzi wote huu kwa nusu lita ya maji? Andika milimita 30 ukalale. Nani atajua?

Binti_Poroto:
Nitajua mimi! Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Nikiongopa milimita 10 tu, kwenye hekta moja nimetunga lita 100,000 ambazo sikuziona. Mzee alikaa miaka yote ile hakuandika namba ya kubuni, niianze mimi kwa sababu ya parachichi la mtu?

Kijiwe_Mwanjelwa:
Sawa dada. Ila mikono ilitakata?

Mkulima_Uyole:
Hahaha Kijiwe wewe utapigwa na daftari.

Mwalimu_Mstaafu:
Msimbeze binti. Hapo hapo safu ya Mbeya, kuanzia 1958, watafiti wa iliyokuwa taasisi ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki walipima mabonde mawili, moja lina msitu wa asili, jingine wananchi wamelima. Mvua na mto, kwa miaka kama kumi. Ungemuuliza mtu yeyote angekwambia bonde lililolimwa litakauka kiangazi. Likatoa maji mengi kuliko la msitu, hata kiangazi! Miti ina mizizi mirefu, inakunywa mwaka mzima, na udongo wa kule wa majivu ya volkano unameza mvua hata ukilimwa. Bila watu wa kusoma kila asubuhi hilo lisingejulikana mpaka leo. Sasa nyie semeni nusu lita.

Shamba_la_Miti:
Eheee! Kumbe! Mwaka juzi mlinisimamia mpaka nikang'oa mikaratusi yangu kisa chanzo cha maji, nikaambiwa "panda miti ya asili inaleta maji". Sasa Mwalimu anasema ya asili nayo inakunywa. Nirudishiwe mikaratusi yangu.

Mwalimu_Mstaafu:
Kijana, sikusema hivyo. Udongo wa kule si wa kila mahali. Ukikata msitu kwenye udongo unaoshika kama saruji, mvua yote inakimbilia mtoni siku hiyo hiyo na kiangazi hupati kitu.

Shamba_la_Miti:
Nirudishiwe tu.

Mpunga_Usangu:
Nyie wa milimani mna raha, mnagombana na chupa. Sisi huku tangu 1993 Ruaha Mkuu ulipoanza kukatika kiangazi kule hifadhini, kila mwenye kipaza sauti anaangalia mpunga wetu. Mwenye ng'ombe analaumiwa, mwenye jaruba analaumiwa. Nyie mnaovuta vijito na mabomba kumwagilia viazi nani kawahi kuwahamisha?

Binti_Poroto:
Ndiyo maana tunapima kaka! Bila namba tutalaumiana mpaka wajukuu. Na yule mtu alizimwaga akaniita shangazi, akasema ITANYESHA TENA.

Mama_Viazi_Njombe:
Aliyetaja viazi nani? Mimi jana nimeuza gunia lina kofia, juu ya kofia mnunuzi kashonea kofia nyingine, analiita gunia moja. Kilo 100 imepita zamani, vijana wanne wamelipandisha kwenye Fuso wanaimba. Nikilalamika ananiambia, "Mama, si viazi tu?"

Mkulima_Uyole:
Lumbesa, huku kujaza gunia kupita kipimo, itatumaliza jamani. Mwenye mizani anaikimbia mizani yake.

Mpunga_Usangu:
Huku kwetu ni debe. Debe wamelipiga nyundo kwa ndani likatanuka tumbo, lina mimba.

Binti_Poroto:
Wakuu, uzi ni wa kipima mvua.

Kijiwe_Mwanjelwa:
Mama Viazi, gunia leo shilingi ngapi?

Mama_Viazi_Njombe:
Lenye kofia au lisilo na kofia?