Akiba, AGR au jeshi la kudumu? Naombeni ulinganisho kwa waliopita njia hii

Dereva_wa_Mzigo (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Niko Marekani, jeshi la nchi kavu upande wa akiba, niliapa 2019. Ni sajenti, fani yangu ni udereva wa malori. Uraia nilishaupata kupitia utumishi huu huu. Mkataba wangu unaelekea ukingoni na nyumbani tumeanza kuulizana tunaelekea wapi. Uraiani nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Mshahara si mbaya, ila bima ya familia inaula vibaya. Nina mke na watoto wawili.

Njia ninazoziona ni tatu. Nibaki akiba kama nilivyo, wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Au niombe AGR, yaani kazi ya muda wote lakini ndani ya akiba. Au nihamie jeshi la kudumu moja kwa moja.

Kwa sasa wikendi moja ya mazoezi inanilipa sawa na siku nne za mshahara wa msingi. Wenzetu wa jeshi la kudumu wanalipwa kila tarehe 1 na 15, wana posho ya nyumba na ya chakula ambazo hazikatwi kodi, likizo ya siku 30 kwa mwaka, na matibabu ya Tricare, bima ya afya ya jeshi, bila ada ya kila mwezi. Sisi tuna Tricare Reserve Select, nafuu kuliko bima nyingi za makampuni, lakini kila mwezi lazima uilipie. Kwenye karatasi jeshi la kudumu linashinda. Ninachoogopa ni cheo, miaka yangu sita kupotea, na kumyumbisha mke wangu. Nisaidieni.

Mlinda_Lango

Mkuu, mimi nilivuka miaka mitatu iliyopita. Jambo la kwanza ni fomu DD 368, ile ya kuomba akiba wakuachie. Bila hiyo kuidhinishwa, ofisi ya kuandikisha askari haiwezi kukupeleka popote. Yangu ilikaa mezani kwa mtu zaidi ya miezi miwili bila kuguswa, mpaka nilipoomba kwa adabu kuonana na kamanda mwenyewe. Ukishaikabidhi, ifuatilie kila wiki.

La pili ni cheo. Usajenti wa akiba hauhami wenyewe. Wanaangalia kama fani yako ina nafasi katika cheo chako wakati huo. Kama haina, utaambiwa ubadili fani au ushuke ngazi. Mimi nilishuka ngazi moja, na nilikubali kwa sababu nilikuwa na haraka. Ningesubiri miezi michache pengine nafasi ingepatikana. Niliumia, sikufichi. Nilisalimu watu ambao mwaka uliotangulia wangenisalimu wao.

Na kituo cha kazi niliahidiwa kwa mdomo. Kwenye mkataba ilikuwa imeandikwa fani peke yake, kituo hakikutajwa. Nikapelekwa upande wa pili wa nchi. Soma mkataba mstari kwa mstari kabla ya kusaini.

Karani_Pointi

Kaka Dereva, suala la miaka sita nalijibu kwa kirefu kwa sababu wengi wanalielewa vibaya.

Kwenye mshahara, miaka yako yote inahesabiwa. Jedwali la mishahara linaangalia tarehe uliyoingia jeshini, halibagui akiba na kudumu. Ukiingia kwa usajenti utalipwa kama sajenti mwenye miaka zaidi ya sita.

Kwenye pensheni mambo ni tofauti kabisa. Ili ustaafu kama askari wa kudumu unahitaji miaka 20 ya utumishi wa muda wote. Kinachoingia humo ni mafunzo yako ya awali na ya fani, zile wiki mbili za kila mwaka, na amri zozote za muda wote ulizowahi kupewa. Wikendi haziingii katika kutimiza hiyo 20, zinaongeza tu asilimia kidogo mwishoni. Sasa piga hesabu. Mafunzo yako tuseme miezi minne. Wiki mbili mara tano ni siku 70. Kama hujawahi kupelekwa nje, miaka yako sita inageuka kuwa kama miezi sita na kitu. Ukihamia leo, una zaidi ya miaka 19 mbele yako.

Upande wa akiba nao uko hivi. Mwaka unaohesabika ni ule uliopata pointi zisizopungua 50. Askari wa kawaida anapata 48 za wikendi, 14 za mazoezi ya mwaka na 15 za uanachama, jumla 77. Miaka 20 ya namna hiyo ni pointi 1,540. Gawa kwa 360, ndiyo siku za mwaka kwa hesabu yao, unapata miaka 4.3 hivi. Wewe uliingia baada ya tarehe 1 Januari 2018, kwa hiyo uko kwenye mfumo mpya wa pensheni, wa asilimia 2 kwa kila mwaka wa utumishi. Hiyo ni kama asilimia 8.6 ya mshahara wa msingi, na kwa kawaida unaanza kuipata ukifika miaka 60. Mwenzako wa jeshi la kudumu akitimiza 20 anaondoka na asilimia 40, na anaanza kulipwa hapo hapo.

Kuna pia akiba ya uzeeni ya TSP, ambapo serikali inakuchangia hadi asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Asilimia 5 ya wikendi ni hela ndogo. Asilimia 5 ya mwezi mzima, kwa miaka, inaonekana.

Nesi_Akiba

Karani, hesabu zako ni sahihi, lakini zinadhani mtu atafika miaka 20. Wengi wanatoka baada ya mkataba mmoja au miwili, na pensheni ya jeshi la kudumu hawaigusi. Mimi ni nesi, uraiani nalipwa vizuri kuliko ambavyo jeshi la kudumu lingenilipa kwa cheo changu, kwa hiyo nimebaki akiba na sijuti. Kila siku 90 za utumishi wa muda wote zenye sifa, tangu tarehe 28 Januari 2008, zinapunguza miezi mitatu kwenye ule umri wa 60, ila huwezi kushuka chini ya 50.

Kaka, swali langu kwako ni moja: unataka kuwa askari kwa miaka 19 mingine, au unataka kutoka zamu ya usiku? Hayo ni mambo mawili. Kama ni la pili, tumia masomo. Siku 90 za utumishi wa muda wote baada ya mafunzo ya awali zinakufungulia asilimia 50 ya Post-9/11 GI Bill, mpango wa serikali wa kulipia masomo ya askari, na miezi 36 inakupa asilimia 100.

Sajenti_Ofisi

Mimi niko AGR. Watu wanaiona kama njia rahisi ya katikati na haiko hivyo. Mshahara, posho na matibabu ni sawa kabisa na jeshi la kudumu, na pensheni ya miaka 20 ni ile ile. Lakini nafasi ni chache, unashindania, na unaanza na kipindi cha miaka mitatu. Kazi yenyewe mara nyingi ni ya ofisi: kumbukumbu za askari, ratiba za mafunzo, kuandaa wikendi za wengine. Dereva anayependa barabara ataichoka. Kupanda cheo nako kunangoja nafasi ifunguke. Na usidhani hutahamishwa. Upande wetu wa akiba ya nchi kavu tunahamishwa.

Kabla ya kuamua, tafuta amri za muda za ADOS. Utafanya kazi ya muda wote kwa miezi kadhaa, familia ikionja maisha hayo, na ukirudi unajua unachokiomba.

Mama_Wawili

Kaka, mimi ni mke wa askari wa kudumu, na naona mmeongea pesa tu. Tumehama mara tatu katika miaka saba. Mkubwa wangu alilia wiki nzima mara ya mwisho, na mimi nililia naye. Chekechea za kambini ni nzuri na ada inaendana na kipato, ila foleni yake ni ndefu. Jiandikisheni siku mtakayopata amri ya kuhama, msisubiri kufika.

Kama shemeji ana leseni ya taaluma, tangu Januari 2023 kuna sheria ya shirikisho inayomsaidia mwenza kutumia leseni yake katika jimbo analohamia kwa amri ya jeshi. Mimi mwanzoni sheria hiyo haikuwepo, nikakaa mwaka bila kazi. Huo mwaka hauonekani kwenye jedwali lolote la mishahara.

Mgeni_Kadi

Samahani kuingilia. Mimi bado nina kadi ya kijani, niko akiba. Naweza kuhamia?

Mlinda_Lango

Unaweza, lakini fani zinazohitaji kibali cha siri na uofisa zimefungwa kwa asiye raia. Maliza uraia kwanza. Utumishi wako wa akiba unakupa njia hiyo: kikosi kinathibitisha utumishi kwenye fomu N-426, unajaza N-400 ya kuomba uraia, na askari hatozwi ada.

Nesi_Akiba

Nilisahau moja, kaka Dereva. Kazi yako ya ghalani inalindwa na sheria ya USERRA hata ukihamia kwa hiari yako, mradi muda wa jeshi kwa mwajiri huyo kwa jumla usizidi miaka mitano. Toa taarifa kwa maandishi kwamba unaenda jeshini. Ukitoka baada ya zaidi ya siku 180 una siku 90 za kuomba kurudi, na ukirudi cheo chako kazini kinahesabiwa kana kwamba hukuondoka. Mkataba wa miaka mitatu au minne unaingia humo.

Dereva_wa_Mzigo

Asanteni sana, wote. Nimemsomea mke wangu kila jibu, na la Mama Wawili alilirudia mwenyewe mara mbili. Swali la Nesi limetukalisha mpaka usiku. Jibu langu la kweli ni kwamba napenda jeshi, lakini miaka 19 siwezi kuiahidi leo.

Tulichokubaliana ni hiki. AGR nimeiacha, ofisi si yangu. Nimeomba ADOS ya udereva, na kama itapatikana tutaishi nayo kwanza. Wakati huo huo nitauliza kama fani yangu ina nafasi ya sajenti upande wa kudumu. Ikiwepo, na ikiwa kwenye maandishi, napeleka DD 368 kwa mkataba wa miaka mitatu. Isipokuwepo, sishuki ngazi, naongeza mkataba wa akiba. Mke wangu ameomba tuende pamoja ofisini siku ya kuuliza, na ameshaandika maswali yake kwenye daftari. La kwanza ni chekechea.