Nilibatizwa baharini na walokole, sasa paroko anauliza mchungaji alitamka maneno gani. Hii ni kawaida?

Kijana wa Tegeta:
Wakuu habarini za jumapili, naombeni mwongozo hasa wakatoliki na wanaojua mambo ya kanisa. Mimi nimelelewa ulokoleni, mama alikuwa anasali kanisa moja dogo hapa Dar. Nikiwa fomu two tukapelekwa Kunduchi alfajiri vijana kama wote, tisheti nyeupe, mchungaji kasimama majini mpaka kifuani na mzee wa kanisa pembeni yake, unaingia mmoja mmoja unabana pua unalazwa chali unainuliwa, huku kwaya inaimba ufukweni. Cheti sikupewa na sikuwahi kukiulizia. Lile kanisa lilishasambaratika zamani, mchungaji sijui alihamia mkoa gani.

Sasa mchumba wangu mkatoliki, anataka ndoa ifungwe parokiani kwao, mimi sibadili dhehebu na yeye hana shida na hilo. Tumeenda kwa paroko kaniuliza cheti cha ubatizo nikamwambia sina, akauliza uliingizwa kwenye maji nikasema ndio, akauliza mchungaji alisemaje wakati anakuzamisha. Nikabaki namwangalia tu, mi nakumbuka chumvi puani. Wanataka kunibatiza upya au? Mjomba wangu keshasema nikikubali kubatizwa mara ya pili nimeukana wokovu. Na mbona wao wananyunyizia tu halafu ndo wanakagua ubatizo wa maji mengi?

Mzee wa Kahawa:
Ngoja waje wajuvi. Ila "nakumbuka chumvi puani" umeniua mkuu 😂

Katekista Mstaafu:
Mdogo wangu, paroko hajakudharau, amekuuliza jambo la msingi kabisa. Kanisa katoliki kwenye hili haliangalii kwanza dhehebu wala utakatifu wa aliyekubatiza, linaangalia maji, maneno "kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", na nia ya anayebatiza kwamba anafanya kile ambacho kanisa hufanya. Kuzamishwa sawa, kumiminiwa sawa. (Na hatunyunyizi jamani, tunamimina, maji yanatakiwa yatiririke kichwani.) Ndo maana hata nesi muislamu wodini anaweza kumbatiza kichanga anayekata roho na ubatizo ukawa halali.

Sasa kwa nini anahangaika na maneno. Kama ulibatizwa, ndoa yenu ni ya mkatoliki na mkristo asiye mkatoliki, inahitaji ruhusa ya askofu basi. Kama hukubatizwa, hapo kuna kizuizi na askofu asipokiondoa hiyo ndoa haipo hata mfunge mbele ya watu elfu. Zote mbili zinaombwa na zinatolewa ila fomu sio moja. Kukubatiza upya hapana, ubatizo halali haurudiwi na huhitaji kuwa mkatoliki ili ufunge ndoa. Mwenzako ndo ataahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe na kulelewa kikatoliki, wewe utajulishwa hiyo ahadi ili usije kusema hukuambiwa.

Mwana wa Yordani:
Katekista nakuheshimu baba yangu ila maji na maneno bila imani havina kitu. Marko 16:16 inasema aaminiye na kubatizwa, kuamini kumetangulia. Yule towashi Mkushi kwenye Matendo 8 alifundishwa kwanza na Filipo ndo akasema tazama maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe. Kichanga wa wiki tatu kafundishwa na nani? Na Warumi 6 inasema tulizikwa pamoja naye kwa njia ya ubatizo, sijawahi kuona marehemu anazikwa kwa kumwagiwa udongo wa kiganja kimoja pajini mwa uso. Kijana ubatizo wako wa Kunduchi ni sahihi kuliko wa huyo paroko, usitetereke.

Mlutheri Mtulivu:
Mwana wa Yordani hoja yako ina uzito ila usiifanye rahisi hivyo. Matendo 16 Lidia alibatizwa yeye na nyumba yake, mlinzi wa gereza naye na wote waliokuwa wake usiku ule ule. Haisemi kulikuwa na watoto na haisemi hawakuwepo, kwa hiyo hapo kila upande unajazia. Kuhusu wingi wa maji, Didake ambayo ni andiko la wakristo wa mwanzo mwanzo inasema tumia maji yanayotembea, kama huna tumia mengine, ukikosa vyote mimina kichwani mara tatu.

Na hili swali la paroko ni la kale na lilianzia bara letu. Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 256 askofu Sipriani na wenzake walisema aliyebatizwa na wazushi abatizwe upya, Stefano askofu wa Roma akagoma. Mwaka 314 mtaguso wa Arles, yaani mkutano wa maaskofu huko Ufaransa ya leo, ukawaambia Waafrika mtu wa hivyo akija muulizeni imani yake, mkiona alibatizwa katika Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awekewe mikono tu. Ndo anachokifanya paroko hapo. Watu wamekufa kwa hii mada jamani, Zurich, Uswisi, Januari 1525 kuna waliosema ubatizo wa utotoni si ubatizo wakabatizana upya, na Januari 1527 mmoja wao Felix Manz akazamishwa mto Limmat kwa amri ya jiji mpaka akafa.

Mzee wa Kahawa:
Duh. Kwa hiyo neno moja tu likikosewa ndo basi?

Katekista Mstaafu:
Inategemea neno lenyewe. Mwaka 2020 Roma ilijibu kwamba mhudumu akisema "tunakubatiza" badala ya "ninakubatiza" hakuna ubatizo hapo. Padre mmoja wa jimbo kuu la Detroit Marekani akakumbuka video ya ubatizo wake akiwa mtoto, kuiangalia anamsikia shemasi anasema "tunakubatiza". Ikabidi abatizwe, apewe kipaimara, ushemasi na upadre upya. Ila watoto aliokuwa amewabatiza yeye ubatizo wao ukasimama, kwa sababu ile ile ya nesi.

Wale wa kubatiza kwa jina la Yesu tu, wanaosimamia Matendo 2:38, katoliki hawautambui. Wamormoni, lile kanisa lililoanzia Marekani, wanataja Baba, Mwana na Roho lakini toka 2001 Roma ilisema hapana, wanachomaanisha ni tofauti.

Kijana wa Tegeta:
Asanteni sana wakuu. Nimempigia mama sasa hivi, anasema alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini ameshika kanga ya kunifuta na mchungaji alikuwa anapaza sauti Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kwa kila aliyeingia. Kachukia kweli kwamba naulizwa. Mama mtu anaruhusiwa kuwa shahidi?

Katekista Mstaafu:
Anaruhusiwa. Kanuni ya 876 ya sheria za kanisa katoliki inataka shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, na aliyebatizwa akiwa mkubwa kiapo chake mwenyewe kinatosha, fomu two tayari unahesabiwa mkubwa kwenye hili. Nenda na mama aandike maelezo asaini mbele ya paroko, na mwombe asiende na hasira zake. Ila wahini, maana karatasi zinatoka parokiani zinakwenda kwa askofu ndo zirudi, kadi za michango msizichapishe kwanza.

Mzee wa Kahawa:
Za michango hizo wanazo tayari, mi nishapelekewa moja 😂