Tupeane uzoefu: Nani mwingine huandika moyo ukijaa?

Mama wa Duka
Wakuu, habari za jioni. Mama alipofariki mwaka juzi sikulia. Msibani mimi ndiye niliyehangaika na turubai, viti, maji, na wageni wa Singida watalala wapi. Watu wakanisifu nimejikaza. Baada ya arobaini usingizi ukakata kabisa. Usiku mmoja, saa nane, nikachukua kaunta buku la madeni, nikaligeuza nyuma: "Mama, ile siku umenipigia nikasema nina wateja..." Kurasa nne, mwandiko kama kuku kapita. Hapo ndipo nikalia. Tangu siku hiyo nikibanwa naandika. Wenzangu mnafanya hivi au ni mimi tu?

Zamu ya Usiku
Hauko peke yako dada. Mimi ni muuguzi, wodi ya wazazi. Tukipoteza mtoto siwezi kwenda kumtwisha mume wangu, naye ana yake. Nakaa siti ya nyuma kwenye daladala, naandika kwenye simu, nikikaribia kituo nafuta. Raha yangu iko kwenye kule kufuta.

Fundi Randa
Mimi yalinikuta. Niliandika yote niliyonayo juu ya baba mkwe na mahari yake isiyoisha. Mke wangu akalikuta daftari chini ya godoro akitandika. Wiki nzima chai nikajichemshia mwenyewe. Andikeni, ila mjue pa kuficha. Huna kabati la kufuli, choma.

Mzee wa Maktaba
Pole Fundi 😂. Hili jambo lina utafiti wa siku nyingi. Wamarekani James Pennebaker na Sandra Beall walitoa matokeo yao mwaka 1986. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kila usiku, siku nne mfululizo. Wengine walipewa mada za hivi hivi tu, kama viatu walivyovaa. Walioandika mkasa pamoja na walivyoumia walimaliza wakiwa wanyonge zaidi, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Mwaka 1999 ukatoka utafiti mwingine, wa wagonjwa wa pumu na baridi yabisi, dakika 20 kwa siku tatu. Baada ya miezi minne karibu nusu yao walikuwa na nafuu ya kueleweka, wenzao walioandika mambo ya kawaida ni kama robo tu. Kwa hiyo ukiandika usiku ukajisikia vibaya, usikimbilie kusema haifai.

Abiria Aliyepona
Mzee, kwangu haikufaa kweli. Baada ya ajali, kila nikishika kalamu narudi kwenye ile kona, nasikia breki, namsikia konda akipiga kelele. Siku ya sita nikawa naogopa hata kuliona daftari. Mshauri wa hospitali akaniambia niliweke kando kwanza, tuongee. Tuliongea miezi miwili. Sasa naandika, ila ya leo tu.

Mama wa Duka
Asanteni sana. Fundi, umenichekesha mpaka mteja kaniuliza kulikoni. Langu nimelihamishia kwenye debe la mchele. Zamu ya Usiku, mimi kufuta siwezi mdogo wangu, naona kama namfuta yeye. Jana nimeandika mstari mmoja tu: Mama, maharage yameungua tena, ningekupigia.