Naomba ushauri: nataka bustani isiyonidai kazi kila wiki

Mleta uzi:
Habari zenu wakuu. Majira ya kuchipua ndiyo kwanza yanaingia. Jua lilitoka siku nne mfululizo, nikadanganyika, nikaitoa nje miche ya nyanya. Usiku wa tano jalidi, ile baridi ya kugandisha, ikaipiga yote. Asubuhi majani meusi, yamelegea kama yamechemshwa. Nimeshika adabu. Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, kazini natoka jioni, na palizi ya kila wiki siiwezi. Nianzie wapi?

Jembe Butu:
Pole mkuu. Usitazame joto la mchana, tazama usiku. Nyanya zibaki ndani hadi jalidi iishe kabisa na usiku usishuke chini ya nyuzijoto 10. Kama mikono inakuwasha, sia njegere na spinachi, hizo zinavumilia baridi.

Mama Mboji:
Mwanangu, hata kulima bado. Chota udongo, ufinye. Ukibaki donge linalonata, acha. Ukiulima umelowa utashikamana, na ukikauka utakuwa tofali. Sasa hivi kazi yako ni kutazama tu. Maji yanatuama wapi? Hapo usiweke lavenda wala rozimari, mizizi itaoza. Halafu jua la sasa ni la uongo, miti haijavaa majani. Ikivaa, pale unapopaona peupe patakuwa kivulini.

Mleta uzi:
Kumbe! Mti wa jirani umeinamia upande wangu wote wa magharibi. Sikuwahi kuuwazia.

Mama Mboji:
Ndiyo hivyo. Chagua mimea ya kudumu, inayochipua yenyewe kila mwaka, uipande karibu karibu ili magugu yakose nafasi. Udongo ukishapata joto, tandaza maboksi ya karatasi yasiyo na utepe wa plastiki, juu yake matandazo (majani makavu au magome ya miti) ya kina cha sentimita 5 hadi 8. Yasiguse mashina.

Mpita Njia:
Msimdanganye jamaa. Mwaka wa kwanza kazi ipo, mmea wa kudumu au usiwe wa kudumu. Mizizi bado mifupi, kwa hiyo mvua ikikata lazima umwagilie, na umwagilie maji ya kuzama, si ya kulowesha juu juu. Mwaka wa pili ndio utaanza kukaa kitini.

Mleta uzi:
Nashukuru wote. Nimetoka kuufinya udongo sasa hivi. Donge. Jembe limerudi stoo.