Gurudumu la baiskeli, lile la kupitia mawe, limekufa kwenye mawe, halafu naulizwa kwa nini nililipitisha kwenye mawe!

Wakuu, nimefika nyumbani sasa hivi, viatu sijavua, ile dawa nyeupe ya kuziba pancha imenikaukia kwenye ugoko na mikono bado inatetemeka kwa hasira.

Yule fundi wa magurudumu ya baiskeli. Mnamjua. Yule anayefumba jicho moja na kuzungusha gurudumu kwa kidole kimoja kama daktari anayesikiliza mapigo ya moyo. Simtaji, sina haja. Kila aliyewahi kupinda ringi amepita mikononi mwake.

Nilimweleza vizuri kabisa: mimi naendesha mawe. Si vumbi, si changarawe, MAWE. Nina kilo 86, na mahali wenzangu wanapoburuta breki mimi naruka. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hili ndilo lenyewe kaka, hili la mawe." Kulipokea, jepesi kama sinia. Spoku nilikuja kuhesabu baadaye: 24. Ishirini na nne! Mwavuli una njiti nyingi kuliko hilo gurudumu.

Leo ni mara ya tatu tu kulitembeza. Mteremko, kona ya kushoto, jiwe la ukubwa wa ng'ombe aliyelala. Ting! Kabla sijafumba mdomo, ting! ya pili, na tairi la nyuma likatoa pumzi yote kwa mkupuo. Kuinama, spoku mbili za upande wa mnyororo zimekatika shingoni, pale pale zinapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Moja inaning'inia kama sharubu ya kambale. Ukingo wa ringi umebonyea hadi dole gumba linaingia lote. Nikashuka mlima baiskeli iko begani, nimekuwa mchukuzi wa jeneza.

Nikampelekea moja kwa moja. Akashika, akazungusha, linagonga fremu tak, tak, tak. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema:

"Kwani ulilipitisha kwenye mawe?"

KWENYE MAWE! Mtu uliyeniambia ni la mawe! Kama si mawe nilipitishe wapi, sebuleni? Akaongeza kwamba hayo ni matumizi mabaya, yeye hahusiki, akageuka kuhudumia mteja mwingine. Nimesimama pale na gurudumu langu mkononi, na yule mteja mwingine anacheka. "Kwani ulilipitisha kwenye mawe?" Nimerudi njia nzima hiyo sentensi inanipigia kengele kichwani.

Nataka gurudumu la kweli. Semeni.

*

Mnyororo Mkavu: Pole sana mkuu. Nyuma weka spoku 32, usibishane na mtu. 28 mbele inatosha. Ringi ya alumini, upana wa ndani karibu milimita 30, spoku zilizo nene kwenye ncha na nyembamba katikati, nati zake ziwe za shaba ya njano, si alumini. Zinaongeza gramu chache tu na hazikatikikatiki ovyo.

Kona Kali: Umepokea gurudumu jepesi kama sinia na hukushtuka? Kilo 86, spoku 24! Hata punda angegoma.

Mleta Mada: Kona Kali, soma vizuri. NILIMWAMBIA. Akasema la mawe. Halafu "kwani ulilipitisha kwenye mawe?" Unalala vipi ukiambiwa hivyo?

Fundi wa Usiku: Upepo uliweka ngapi?

Mleta Mada: Paundi 24 nyuma.

Fundi wa Usiku: Tairi lina ubavu mwembamba, ndani hakuna sponji ya kukinga ringi, uzito huo, paundi 24? Kwenye mawe jiwe linakutana na ringi uso kwa uso. Hilo bonyeo ni lako. Spoku ndizo zake. Gurudumu jipya hulegea kidogo siku za mwanzo, lilipaswa kurudi kukazwa baada ya safari ya kwanza. Spoku haifi kwa kukazwa sana, inakufa kwa kulegea: kila mzunguko inachezacheza pale shingoni mpaka chuma kinachoka.

Mleta Mada: Hakuniambia nirudishe! Alichoniambia yeye ni "kwani ulilipitisha..."

Kona Kali: Tumesikia mkuu.

Jiwe la Tatu: Nunua ringi ya kaboni uache kulia.

Mnyororo Mkavu: Kaboni gani? Alumini ikibonyea unainyoosha kwa koleo unarudi nyumbani. Kaboni ikipasuka imepasuka.

Jiwe la Tatu: Yangu ina miaka minne haijawahi hata kuyumba. Za alumini nilikuwa naua mbili kwa mwaka.

Mnyororo Mkavu: Kwa sababu unaendesha kwenye majani.

Jiwe la Tatu: Njoo tukimbizane basi.

Shingo Ngumu: Nyie mnalilia ringi. Mimi breki zangu za diski zinalia hadi mbwa wanakimbia. Nimesugua diski kwa spiriti, nimebadilisha vitambaa vya breki, bado. Na aliyenifungia ni huyo huyo mnayemsema. Aliniambia "zitazoea". Mwezi wa tano huu!

Kona Kali: Ahaa, "zitazoea"! Mimi aliniambia hivyo kuhusu kiti.

Fundi wa Usiku: Shingo Ngumu, vitambaa vimeingia mafuta. Ulipulizia mnyororo mafuta baiskeli ikiwa imelala?

Shingo Ngumu: ...Ndiyo.

Fundi wa Usiku: Basi tupa hivyo vitambaa, nunua vipya.

Mleta Mada: Jamani, gurudumu langu. 32 nimeelewa. Habu hii ya matundu 24 naifanyia nini?

Mnyororo Mkavu: Haikubali ringi ya 32. Unaanza upya.

Mleta Mada: Kwani ulilipitisha kwenye mawe! Mungu wangu.

Pedali Moja: Nimechelewa, sijasoma yote. Kuna anayejua kwa nini bomba la kiti langu linashuka lenyewe nikiwa napanda mlima? Natokea juu magoti yapo masikioni.

Shingo Ngumu: Nani kakufungia?

Pedali Moja: Si yule.

Kona Kali: Afadhali lako linashuka. Langu wiki ya pili halipandi.